Mtoto Niliyemwondoa Kwenye Hadithi

Dada Sekela,

Ugonile, dada. Najua salamu hii ni ya walio hai, ya kumuuliza mtu ameamkaje, na wewe hujaamka. Lakini sikupata nyingine ya kuanzia. Nimekaa barazani kwangu hapa Kyela mjini. Ni Jumapili baada ya ibada, binti yako Faraja amekwenda kwa jirani kusukwa nywele, na mimi nimeshika kalamu na daftari la shule. Sitaki kukuandikia kwenye simu. Sababu unaijua kuliko mimi.

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Katika muda huo nimewaandikia watu wengi sana, watu nisiowajua hata sura, lakini wewe sijakuandikia mstari mmoja. Si huzuni iliyonizuia. Huzuni ningeweza kukaa nayo, watu hukaa nayo. Ni aibu, dada. Naona aibu hata kuandika jina lako juu ya karatasi.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nikianza na siku ile nitaiacha kalamu.

Unakumbuka kibanda cha video cha karibu na soko? Jumapili mchana, tukishamaliza kugeuza kakao kwenye mikeka, Mama alikuwa anatupa kiingilio cha mtu mmoja, na siku zote aliyeingia ulikuwa wewe, kwa sababu ulikuwa mkubwa. Mimi nilibaki nje kwenye kivuli cha ukuta, nasikiliza kelele za ndani. Ukitoka tulianza safari ya kurudi nyumbani Ipyana kwa miguu, na njia nzima ulinisimulia filamu. Uliigiza sauti zote. Ulikimbia, ukaanguka, ukafa, ukafufuka, watu wa mashambani wakatushangaa. Siku moja nilikuuliza mbona wale wa kwenye filamu wanakimbia kwenye mvua na nguo hazichafuki. Ukacheka, ukanivuta sikio. "Mvua ya sinema haina tope, Bupe. Ndiyo maana tunakwenda."

Nilipokuwa chuoni nikaja kuiona filamu mojawapo uliyonisimulia. Nilishtuka. Yule dada shujaa alikufa mwishoni. Wewe uliniambia aliolewa na mtu mpole, akafungua duka la vitambaa, na mama mkwe wake akaja kuomba msamaha kwa magoti. Nilikaa mbele ya skrini nikiwaza ni filamu ngapi ulizonibadilishia mwisho ili mdogo wako asilie njiani.

Mwandishi katika familia yetu ulikuwa wewe. Mimi nilipata shule tu. Wewe uliishia darasa la saba, ukaolewa Mwaya na Baba Faraja, ukaingia kwenye mpunga na kakao na kwaya ya kanisa, sauti ya pili. Mimi nikawa mwalimu wa Kiswahili, nikaanza kuandika hadithi kwenye simu na kuzirusha kwenye kundi la wasomaji, sehemu moja kila baada ya siku mbili. Wasomaji wakawa wengi. Wakaniita "mwandishi wetu". Nilipenda kuitwa hivyo kuliko nilivyopenda kuitwa mwalimu.

Sasa nakuja kwenye yangu.

Siku za soko ulikuwa unapita kwangu kupumzika. Joto la Kyela unalijua, watu wanatafuta upepo kwa kujipepea na mifuniko ya sufuria, na wewe ulikaa kwenye mkeka wangu umevaa blauzi ya mikono mirefu. Mara ya kwanza nilikuuliza. Ukasema, "Nimeanguka na ndoo." Mara ya pili ulisema ni mlango. Mara ya tatu sikuuliza, na wewe hukusema. Tulikunywa chai, tukaongea habari za kwaya.

Sikuuliza kwa sababu nilijua, dada. Na ulipoondoka nilichukua simu, nikampa shujaa wangu lile jeraha.

Nilimwita Rehema. Nilimpa kijiji chako, kovu lako la kwenye kiwiko, sauti yako ya pili, na mume wako, nikambadilisha jina tu. Wasomaji walilia. Waliandika, "Huyu mwanamume alaaniwe," "Mwandishi, mtoe Rehema hapo haraka." Nami niliwajibu, "Subirini, nampangia njia." Nilikuwa nampangia njia mwanamke wa kwenye karatasi. Aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wangu nilimsindikiza hadi stendi, nikampungia mkono.

Ulikuwa unasoma. Sikujua mwanzoni. Ulipata zile sehemu kwa mwenzako wa kwaya, na siku moja ukanipigia. Sauti yako ilikuwa ya utani, lakini si sana. Ukasema, "Mdogo wangu, huyo Rehema namfahamu." Nikacheka kama mtu aliyefumaniwa. Ukaniambia nisiache kuandika, kwamba ukishamaliza kazi za mchana unajificha nyuma ya jiko na kusoma, na kwa muda ule huwi pale. Ulisema hivyo hasa: "Kwa muda ule siwi pale." Kisha ukauliza, "Lakini mbona hana mtoto?"

Nilikujibu, "Ni hadithi tu, dada. Akiwa na mtoto hataweza kukimbia."

Nilisikia kuku wako nyuma. Halafu ukasema, "Ee. Ni kweli. Hataweza."

Nilikata simu nikiwa nimefurahi kwamba dada yangu ni msomaji wangu. Mungu anisamehe. Nilikuwa nimemwondoa Faraja duniani ili hadithi iende vizuri, nikakuambia wewe, mama yake, kwa mdomo wangu kwamba ukiwa naye huna njia, na nilifurahi.

Kila mwaka nafundisha kidato cha nne mada ya dhima ya fasihi. Naandika ubaoni: Fasihi ni njia ya kuukimbia uhalisia. Jadili. Nawaeleza kwamba mtu mwenye njaa husoma habari za karamu, aliyefungwa hutazama filamu za watu wanaoruka kwa ndege, na kwamba hilo si dhambi, ni pumziko. Naamini hivyo hata leo. Wewe mwenyewe uliniambia nyuma ya jiko ulipata pumzi. Lakini mwaka ule, wiki chache kabla ya msiba, binti mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono. "Mwalimu, msomaji akishaukimbia uhalisia, anarudi saa ngapi?" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, nikamwambia hilo halimo kwenye mtihani.

Ulikuja mara ya mwisho mwanzoni mwa Aprili. Hukukaa. Ulisimama mlangoni, mdomo umevimba upande mmoja, na safari hii hukutaja ndoo wala mlango. Ulisema, "Bupe, nimechoka. Nitoe." Maneno matatu. Ukaeleza kwamba kwa Mama ulishakwenda na akakurudisha. Ukaeleza kwamba bodaboda wote wa pale kijijini ni rafiki zake, ukipanda tu atapigiwa simu kabla hujatoka. Ulitaka nije na bajaji ya mjini Jumamosi saa tatu asubuhi, akiwa amekwenda mnadani na kakao. Ungesubiri kwenye karavati, lile daraja dogo la barabarani, karibu na mashine ya kukoboa mpunga, wewe na Faraja.

Nilikuambia, "Nitakuja, dada. Saa tatu kamili." Nilikukumbatia. Wakati huo nilikuwa namaanisha.

Jumamosi niliamka mapema. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Kyela isiyo na haraka. Usiku ule niliota mwisho wa hadithi, jinsi Rehema anavyotoka. Wasomaji walikuwa wananisubiri, nilishawaahidi sehemu ya mwisho siku hiyo hiyo. Nikasema niandike kidogo kabla ya kumpigia dereva wa bajaji, nusu saa tu, maneno yasinitoroke. Na kwa kuwa naandikia kwenye simu, na simu ikilia mawazo hukatika, nikafunga mawasiliano, isiingie simu wala ujumbe.

Nimejaribu mara nyingi kutafuta mahali pa kujitetea hapo. Hapana. Nilijua ni Jumamosi. Nilijua saa. Labda niseme yote: niliogopa. Niliogopa kufika Mwaya, niliogopa Baba Faraja kutukuta, niliogopa kuwa mwalimu aliyevunja ndoa ya dada yake. Ndani ya hadithi hakukuwa na mtu wa kuniogopesha. Nilikuwa namkimbiza Rehema kwenye mashamba ya mpunga alfajiri, jua linachomoza, kondakta mwema anamshika mkono, basi linapanda milima kwenda Mbeya. Niliandika nikilia. Ndiyo, dada. Wakati wewe unanyeshewa kwenye karavati, mimi nilikuwa chumbani namlilia mwanamke ambaye hayupo.

Nilimaliza karibu saa sita. Nikafungua mawasiliano, na kitu cha kwanza nilichofanya nikarusha ile sehemu kwenye kundi. Hilo nimelificha kuliko yote. Nilirusha kwanza. Mioyo na makofi vikaanza kuingia, na katikati yake ukaingia ujumbe wa mtandao wa simu: umepigiwa. Umepigiwa. Umepigiwa. Mara saba. Na ujumbe wako mmoja: "Bupe uko wapi mvua inazidi tunaanza kutembea."

Nilipiga, hukupatikana.

Nilivyofika na bajaji, watu walikuwa wamejaa ukingoni mwa kile kijito cha njia ya mkato, ambacho kiangazi watoto hukivuka kwa kuruka. Siku ile kilikuwa mto. Mzee Gwakisa, yule mwenye shamba la mpunga pale jirani, alikuwa amekaa chini, amelowa hadi kichwani, na Faraja yuko mapajani mwake amefunikwa koti. Waliniambia alikukuta umesimama, unaogopa kuvuka na unaogopa kurudi. Akamchukua mtoto na mfuko wako, akakwambia usubiri amvushe kwanza kisha akurudie. Alipogeuka, ulikuwa umeshaingia majini kumfuata mwanao.

Walikupata alasiri, kwenye matete.

Kwenye msiba watu waliuliza ulikuwa unakwenda wapi kwenye mvua ile. Baba Faraja alijibu, "Alikuwa anakwenda kumsalimia mama yake." Akalia kwa sauti, wanaume wakamshika mabega. Mchungaji akasema ni ajali, na njia za Mungu hazichunguziki. Wakaitikia amina, nami nikaitikia, simu iko mfukoni na ujumbe wako ndani yake. Niliitikia amina, dada. Wiki ile ile niliufuta ule ujumbe. Nilijiambia nafuta kwa sababu unaniumiza. Nilifuta kwa sababu niliogopa mtu asije akausoma.

Faraja alikuja kukaa kwangu. Baba yake hakukataa, alisema mtoto wa kike anahitaji malezi ya mwanamke. Alikuwa na miaka saba. Wiki za kwanza hakusema neno, alikuwa anakaa mlangoni, na ikinyesha anaingia chini ya kitanda.

Ungedhani baada ya hapo nilitupa simu. Wasomaji walinitumia pole nyingi. Wengine, baada ya pole, wakauliza msimu wa pili unaanza lini. Haukupita hata miezi miwili nikaanza. Unajua kwa nini? Kwa sababu ndani ya hadithi ulikuwa hai. Rehema alifika Mbeya, akafungua mgahawa, akawa anapika wali wa Kyela na wateja wanapanga foleni. Nilimpa kicheko chako. Nilimpa kile kitambaa chako cha njano. Kila jioni nikitoka shuleni nilikuwa nafunga mlango wa chumba na kwenda kukaa naye. Nilikuwa nakaa na wewe, dada, huku mtoto wako wa kweli yuko sebuleni peke yake anafanya hesabu za kugawanya, hana wa kumuuliza. Alipokuwa anagonga nilimwambia, "Ngoja kidogo, mama mdogo anafanya kazi." Alikuwa anangoja. Ni mtoto wa kungoja sana, yule. Nadhani alijifunzia pale kwenye karavati.

Hivyo ndivyo ilivyopita karibu miaka miwili. Watu wa nje walinisifu kwamba namlea vizuri mtoto wa marehemu.

Mwezi wa pili mwaka huu nilirudi kutoka shuleni, nikamkuta amekaa kwenye mkeka na simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka ninayomwachia acheze. Sasa anasoma, yuko darasa la tatu, anasoma kwa kidole, neno baada ya neno. Alikuwa ameikuta hadithi. Hakulia. Alinitazama kwa macho yako akasema, "Mama mdogo, huyu Rehema ni mama. Anakaa kwetu Mwaya. Ana kovu hapa. Anaimba sauti ya pili." Kisha akauliza, "Mimi niko wapi?"

Nikamjibu, "Ni hadithi tu, Faraja."

Yalipotoka mdomoni nikayasikia. Yalikuwa maneno yale yale niliyokujibu wewe. Nilikwenda uani nikainama kwenye bomba, nikajimwagia maji kichwani nikiwa bado na nguo zangu za kazi.

Haikupita hata wiki mbili, Baba Faraja akatuma mtu. Ameoa, mkewe amejifungua, na sasa anamtaka Faraja arudi. Baba mdogo Ambokile akaitisha kikao cha ukoo nyumbani Ipyana, Jumamosi mchana. Nilijua nikinyamaza mtoto anaondoka. Na nilijua siwezi kusema habari za nyumba ile bila kusema ulikuwa unakwenda wapi siku ile, na nani hakuja kukuchukua.

Tulikaa sebuleni kwa Mama. Baba mdogo kwenye kiti kikubwa, Mama kwenye mkeka, Baba Faraja na kaka yake upande wa dirisha, na Mzee Gwakisa, ambaye baba mdogo alimwalika kwa heshima, kwa kuwa ndiye aliyemwokoa mtoto. Faraja nilimwacha kwa jirani. Baba Faraja aliongea vizuri, kwa upole. "Wazee wangu, mtoto ni wangu. Mama yake alichukuliwa na maji, hiyo ni kazi ya Mungu. Namshukuru shemeji kwa malezi, ndaga fijo. Sasa mtoto arudi kwao."

Baba mdogo akaniuliza kama nina neno. Nilisimama. Nikasema, "Dada hakuwa anakuja kusalimia. Alikuwa anakimbia." Halafu nikasema yote. Mikono mirefu. Mdomo uliovimba. Saa tatu kamili. Simu niliyoifunga. Hadithi. Mara saba. Ujumbe nilioufuta. Sikumtazama mtu, nilitazama miguu ya meza.

Baba Faraja akanyanyuka. "Mwongo! Huyu ni mtunzi wa hadithi, wazee, kazi yake ni kutunga! Ushahidi uko wapi?"

Na alikuwa na haki ya kuuliza, dada. Mimi ndiye niliyeufuta ushahidi. Nilisimama pale, mtu aliyesifiwa kwa uongo wake miaka yote, na sasa nasema kweli na sina cha kuonyesha.

Mzee Gwakisa akakohoa. Akasema taratibu, "Mimi sikuwahi kuulizwa. Niliambiwa asante, nikapewa chai, lakini hakuna aliyeniuliza. Yule mama alinipa mtoto na mfuko. Mfuko ulifunguka majini nikaufunga tena kwa mkono wangu. Ulikuwa na sare za shule za mtoto, daftari zake, na kadi yake ya kliniki. Mtu anayekwenda kusalimia habebi kadi ya kliniki." Akaongeza, "Na uso wake niliuona. Maji hayapigi mtu namna ile."

Kisha ikatoka sauti kutoka mkekani, ndogo, na kwa muda sikuitambua kama ni ya Mama. "Mimi nilimrudisha. Mara mbili. Nilimwambia ndoa ni kuvumilia, nikamfungia mchele wa kumpelekea mume wake."

Baba Faraja aliondoka bila kugusa chai. Baba mdogo akaamua mtoto asiende, na Jumatatu yake tukaenda wote kwa afisa ustawi wa jamii wilayani, tukaandikisha maelezo. Mzee Gwakisa alikuja, amevaa suti yake ya kanisani. Faraja anabaki kwetu. Baba yake anaweza kuja kumwona mbele ya baba mdogo. Hajaja bado. Habari nyingine za sheria zinakwenda polepole, nitakuwa nazifuatilia.

Lakini Mama. Watu walipotoka nilikwenda kupiga magoti mbele yake. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Hakunipiga. Alisema, "Miaka miwili, Bupe. Miaka miwili umeniacha namlaumu Mungu." Akasimama akaenda jikoni. Alikaa wiki sita bila kupokea simu yangu. Nikienda Ipyana alimpokea Faraja mlangoni, mimi akanipa kiti nje, akaniletea maji ya kunywa kama mgeni. Jumapili iliyopita ndipo aliponiita ndani nimsaidie kupepeta mchele. Tulipepeta. Sijui kama ni msamaha. Sikuuliza.

Wasomaji niliwaambia hadithi ya Rehema imeishia hapo alipofika. Wengine walikasirika, mmoja akaniita mchoyo. Sikuwaeleza. Sijaapa kwamba sitaandika tena, dada, kwa sababu nimeshaapa vingi. Ila mlango wa chumba changu jioni uko wazi, na meza nimeihamishia sebuleni, upande mmoja madaftari ya wanafunzi, upande mwingine hesabu za Faraja. Yuko vibaya kwenye kugawanya. Kwenye kuimba ni wewe mtupu.

Kwenye kikao kile hakuwepo, kwa hiyo bado hajui. Anajua ulikuwa unamkimbiza mahali salama, hilo nimemwambia. Anakumbuka karavati na mvua. Siku moja aliniuliza, bila kunitazama, mlikuwa mnamsubiri nani. Nilimwambia nitamjibu. Akasema, "Sawa," akaendelea kufua soksi zake.

Nakuahidi hivi, dada. Shule zikifungwa mwezi wa sita nitakaa naye mchana, nyumbani, mimi na yeye, nimwambie kwamba aliyekuwa anasubiriwa ni mimi. Sitasubiri akue, kwa sababu akikua ataambiwa na watu wengine, nao wataniwekea maneno mazuri au mabaya kuliko niliyoyafanya. Sitamwambia ni hadithi. Nitamwambia nilikuwa wapi na nilikuwa nafanya nini, kwa utaratibu wake, na nitamwacha aulize mpaka amalize. Akitaka kunichukia nitabaki palepale nilipokaa. Na akisema hawezi tena kukaa kwangu, anataka kwenda kwa bibi yake Ipyana, sitamshawishi. Nitamkunjia nguo zake, nitambebea begi hadi kwa Mama, na kila siku baada ya shule nitakwenda kumsaidia kugawanya, hata kama ni kwenye kile kiti cha nje.

Pumzika, Sekela. Nisamehe ukiweza, na usipoweza pumzika vilevile.

Mdogo wako,
Bupe